Shingo za Majirani

Kabla ya filamu ile, hakuna mwanamume wa mtaa wao aliyeuogopa wembe wa kinyozi. Ulikuwa mtaa wa nyumba za ghorofa moja, maduka chini na wapangaji juu, na chumba chake cha kunyolea kilikuwa kwenye kona, kati ya duka la madaftari na ofisi ya mpiga video. Kinyozi alikuwa mrefu na mwembamba, uso mifupa mitupu, macho yameingia ndani, na sauti nzito ya taratibu kama ya msoma habari. Alinyoa kwa wembe wa kukunja aliourithi kwa mzee aliyemfundisha kazi. Anakulaza kichwa nyuma, anakupaka povu kwa brashi, ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi ulioning'inia msumarini, kisha anaanza chini ya sikio huku akikusimulia habari za mpira. Watu walisinzia. Karani mmoja wa posta alikuwa akikoroma kabisa wembe ukiwa kooni, na kinyozi alisubiri koo litulie ndipo apitishe.

Mpiga video alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ofisini kwake mlikuwa na kamera kubwa ya begani, deki mbili za kunakilia kanda, na pazia la maua la kupigia picha watu wasiokuwa na bustani. Harusi na mahafali ndivyo vilivyomweka mjini. Lakini moyoni alikuwa na lake. Alikuwa amechoka kurekodi watu wakilishana keki. Alitaka kutengeneza filamu, tena isiwe ya mapenzi, maana mapenzi alikuwa akiyabeba begani kila Jumamosi. Alitaka ya kutisha.

Akaitunga mwenyewe. Mnyonya damu amepanga chumba cha juu katika nyumba yenye watu wengi. Mchana haonekani. Kodi analipa mapema kuliko wote, kwa hiyo mwenye nyumba hataki kusikia baya lolote juu yake, na huku wapangaji wa chini wanaanza kupauka mmoja mmoja. Akaiita Mpangaji wa Ghorofani.

"Sasa huyo mnyonya damu atakuwa nani?" kinyozi alimuuliza siku moja, akimpunguza nywele za kisogoni.

"Nimemtafuta mji mzima. Kumbe ananinyoa."

"Mimi?"

"Geuka ujitazame kwenye kioo chako."

Kinyozi akageuka, akajitazama kwa muda. "Uso huu mama yangu aliusifu sana."

"Mama yako alikuwa mtu wa huruma."

Mteja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alicheka mpaka gazeti likamdondoka. Kinyozi akakubali kwa shingo upande, hivyo ndivyo alivyojifanya, lakini siku ya kuanza kazi ndiye aliyefika wa kwanza, na meno alikuwa ameshayatengeneza. Alikuwa amekata meno mawili ya chanuo jeupe, akayapasha moto kwa kiberiti, akayakunja, akayasugua kwa tupa mpaka yakamkaa kinywani kama amezaliwa nayo.

Walirekodi kwa siku zisizozidi wiki mbili katika vyumba vya juu ya ofisi. Usiku wao ulikuwa mchana wenye mablanketi madirishani. Damu yao ilikuwa sharubati nyekundu iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa nzito, na sisimizi walikuja kuifuata kila walipoimwaga. Mke wa kinyozi, ambaye mpiga video alimwita shemeji, alicheza mpangaji wa kwanza kufa, na hakuweza kufa bila kucheka. Walirudia kifo chake mara chungu nzima. Mwishowe mpiga video akasema basi, afe huku anacheka, labda itatisha zaidi.

Kipande kizuri kuliko vyote kilitoka kichwani mwa kinyozi mwenyewe.

"Wewe si unasema huyu haonekani kwenye kioo?" alisema. "Ndevu ananyoaje?"

"Tuseme hazioti."

"Mwanamume mzima? Bwana wee, filamu yako itachekwa. Ananyoa kwa kupapasa. Niachie mimi."

Wakachukua fremu ya kioo isiyokuwa na kioo, wakaitundika katikati ya chumba. Upande huu akakaa kinyozi kwenye kiti chake cha kazi, upande ule wakaweka kiti cha pili, pacha wa kile, kitupu. Ukitazama kwenye kamera, uliona mtu amekaa mbele ya kioo, na ndani ya kioo kiti hakina mtu. Akajipaka povu. Akafungua wembe, wembe wa kweli. Akaanza kunyoa huku macho ameyaelekeza kwenye kile kiti kitupu, mkono wa kushoto ukitangulia kupapasa njia na wa kulia ukifuata. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipomaliza alijifuta kwa taulo, akapitisha vidole shavuni, kwenye kidevu, puani, polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura yake ilikuwaje. Mpiga video alisahau kusema kata. Shemeji, aliyekuwa ameshika taa, hakucheka.

Filamu ilipokamilika, mpiga video alinakili kanda kadhaa akazipeleka kwa wauzaji wa mjini. Zilirudi karibu zote. Mmoja alisema haina ngumi. Mwingine alisema mnyonya damu gani huyu anakaa dakika nzima ananyoa ndevu. Ikaenda na maji. Watu pekee walioitazama walikuwa wa mtaa ule, walioazimana kanda nyumba kwa nyumba mpaka kila sebule ikawa imeiona.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mwanzoni ilikuwa utani. Watoto wakimwona kinyozi wanapiga kelele, "Mpangaji! Mpangaji!" naye anawatolea meno, wanakimbia wakicheka. Jina likamganda. Hata watu wazima wakaanza kumwita Mpangaji. Halafu karani wa posta, yule wa kukoroma, akakaa kitini siku moja na hakulala. Macho yalikuwa wazi, yanafuata mkono wa kinyozi kwenye kioo. Wembe ulipokaribia, akakohoa.

"Leo punguza nywele tu," alisema. "Ndevu niachie."

Wiki iliyofuata na mwenye duka la madaftari akataka nywele tu. Kisha fundi saa. Ghafla mtaa ukaota ndevu. Wanaume waliokuwa laini kama mayai wakaanza kutembea na ndevu za kila namna, na kila mmoja alikuwa na sababu yake: huyu mke wake anazipenda, yule ngozi inamwasha. Hakuna aliyekuwa mjinga. Wote walijua ile ilikuwa sharubati. Baadhi yao waliona sisimizi kwa macho yao.

"Kichwani najua," karani wa posta alimwambia mpiga video kwa aibu. "Ila shingo haisikii."

Mpiga video alimsimulia kinyozi maneno hayo kama kichekesho. Kinyozi alitabasamu, akaendelea kufuta vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. Wakati huo upande wa pili wa barabara kijana mmoja alikuwa amefungua saluni ya mashine za umeme, na benchi lake lilikuwa halikosi watu.

Siku moja kinyozi akapiga hodi ofisini kwa rafiki yake. Hakuwa mtu wa kuomba, na ilimchukua muda kulifikia neno lenyewe. Alisifu kwanza kamera, akauliza hali ya watoto.

"Nataka uje unyolewe," alisema mwishowe. "Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wengi barabarani. Mlango nitauacha wazi. Wewe ndiye uliyenipa haya meno. Wakikuona wewe umekaa, nao watakaa."

"Hilo tu? Hata kesho."

"Jumamosi."

Jumamosi mpiga video akaenda. Alijitahidi kupita taratibu ili aonekane, akasalimia kila mtu, akakaa kitini kwa mbwembwe. Kinyozi akamlaza kichwa, akampaka povu. Upande wa kulia ulinyolewa vizuri, na walikuwa wakizungumza mpira. Mwenye duka la madaftari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Kinamama wawili walisimama nje na vikapu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama walivyopanga.

Kisha kinyozi akazunguka upande wa kushoto, na mpiga video akainua macho kwenye kioo. Akauona uso ule juu ya shingo yake. Aliujua kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa ameutazama kwenye kamera, akautazama tena wakati wa kukata na kuunganisha, akausogeza mbele na nyuma, akauchagulia mwanga wa kuufanya utishe. Wembe ukamgusa, na shingo yake ikaruka. Ni yeye aliyechemsha ile sharubati kwa mikono yake, na shingo ikaruka vilevile.

Ilikuwa mkwaruzo mdogo tu. Kinyozi akabonyeza jiwe la shabu mara moja, damu ikakata. Lakini tone moja lilikuwa limeshaanguka kwenye taulo jeupe, na mama mmoja nje alisema, "Yesu wangu!" kabla hajajiziba mdomo.

"Tulia ndugu yangu," kinyozi alisema kwa sauti ya chini. "Tumalize."

Mpiga video alikuwa ameshasimama. Akasema amekumbuka ana mteja anamsubiri. Akavuka mlango povu likiwa shavuni, nusu uso umenyolewa na nusu bado, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Hakukuwa na mteja yeyote. Alikaa kwenye stuli mbele ya pazia la maua mpaka povu likamkaukia.

Yangeweza kuishia hapo, watu wakacheka, naye akarudi siku hiyohiyo akamaliziwa. Alikusudia hivyo. Jioni akaona haya kwenda. Asubuhi yake alikuwa na sherehe ya kurekodi na hakuweza kwenda na uso wa namna ile, basi akavuka barabara akaingia kwa kijana wa mashine. Alipotoka, kidevu kinang'aa pande zote mbili, kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio.

"Habari za asubuhi," kinyozi alisema.

"Nzuri, bwana. Nzuri."

Hawakulizungumza jambo lile tena. Waliendelea kusalimiana, wakaendelea hata kunywa chai pamoja, ila mpiga video alianza kupata shughuli nyingi. Mwaka haukuisha kinyozi akafunga. Siku ya kupakia vyombo vyake kwenye lori, mpiga video alikuwa na harusi. Ni kweli alikuwa nayo. Ila ilianza alasiri, na lori liliondoka asubuhi. Alilitazama kupitia upenyo wa pazia. Kwenye lori vile viti viwili pacha vilipakiwa vikitazamana.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kurekodi harusi zao wenyewe kwa simu, mpiga video akafunga ofisi, akazeeka, mkewe akafariki. Binti yake akasoma, akawa mwalimu wa mambo ya filamu chuoni. Ndiye aliyemwamshia moto uliokuwa umezimika.

"Baba, ile filamu yako ya mnyonya damu iko wapi?" alimuuliza siku moja wakila chakula cha mchana. "Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka. Yule mtu anayenyoa mbele ya kioo kitupu. Nimewaeleza wanafunzi wangu wakadhani natunga."

Baba mtu akaacha kutafuna. Kanda mama, ile ya awali, haikuwepo. Wakati fulani kanda tupu zilipoadimika alirekodi sherehe ya mtu juu yake, na hata mtu mwenyewe hakumkumbuka. Zilizorudishwa na wauzaji nazo alizitumia hivyohivyo. Alipofikiri vizuri aliona ni nakala moja tu iliyobaki duniani, ile aliyompa kinyozi.

Namba ya simu ilipatikana kwa mwenye duka la madaftari, ambaye aliendelea kupeana salamu za sikukuu na shemeji miaka yote. Mpiga video aliiweka mfukoni siku nyingi. Kila asubuhi alijiambia leo. Alipopiga moyo konde na kupiga simu, sauti iliyoitika ilikuwa ileile ya msoma habari, ila sasa ilikuwa inakokota maneno.

"Ni mimi," mpiga video alisema. "Jirani yako."

Kinyozi akasema, "Unakuja kumaliziwa upande wa kushoto?"

Mpiga video akacheka kwa nguvu kupita kiasi. Kinyozi naye alicheka, kidogo.

Alisafiri peke yake kwa basi. Kinyozi na mkewe walikuwa wakiishi vyumba viwili juu ya karakana ya baiskeli. Shemeji ndiye aliyemfungulia, nywele zote nyeupe, kitambaa cha jikoni begani. Alimkaribisha vizuri, kama mgeni. Hilo ndilo lililomuuma kwanza. Zamani alikuwa akiingia kwa shemeji bila hodi na kufunua masufuria.

Kinyozi alikuwa amekaa dirishani. Urefu wake ulikuwa umekunjamana kitini, na mikono yake miwili ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti kama inayoishi maisha yake yenyewe. Aliona rafiki yake anaitazama.

"Usiogope," alisema. "Wembe nimeuweka mbali. Siku hizi hata chai napewa nusu kikombe. Nusu nyingine najiogesha."

Wakanywa chai. Wakazungumza mpira. Shemeji alikuwa akimfuta mumewe kidevu bila kukatisha maneno yake, kama anayefuta meza. Mpiga video alitafuta pa kuingilia asione, mwishowe akaitaja filamu, akataja na binti yake na wanafunzi.

"Kanda hiyo," shemeji alisema, "ningekuwa na amri yangu ningeshaiwashia jiko."

"Mama," kinyozi alisema.

"Acha niseme, hajanisikia miaka yote hii." Akamgeukia mpiga video. Hakupaza sauti. "Shemeji, wewe ulidhani akihama atafungua kwingine mambo yataendelea. Alifungua. Huku hakuna aliyeiona filamu yenu, watu walikuja wakamlazia shingo bila wasiwasi. Yeye ndiye aliyeshindwa. Anashika wembe, anaona mtu amekaza koo, kumbe hakukaza. Ananiambia mama watoto, wananiogopa. Nani anakuogopa? Akaweka wembe chini. Mpaka mikono inaanza kutetemeka alikuwa ananyoa watoto wa shule kwa mashine. Mtu aliyekuwa ananyoa mtu amelala!"

Chini mtu alikuwa akigongagonga rimu ya baiskeli.

"Twende tukaitazame," kinyozi alisema.

Deki ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Mpiga video alipiga magoti, akaifungua kifuniko, akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi ya ujana wake, na kwa dakika chache mikono yake ilikuwa na furaha. Kisha wakakaa wote watatu kitandani mbele ya runinga.

Filamu ilikuwa mbaya. Aliiona sasa. Ukuta ulitikisika mlango ulipofungwa. Blanketi la dirishani lilionekana mistari yake. Shemeji wa miaka ile alikufa akicheka, mrembo, sharubati shingoni, na shemeji wa leo akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakamtikisika, na mumewe akasema, "Mwone, hajui kufa," wakacheka wote, na kwa muda ule mpiga video alihisi hakuna lililoharibika.

Kisha kikaja chumba chenye fremu. Vile viti viwili vilionekana mara moja, na baada ya hapo runinga ikajaa chenga. Mistari myeupe ikapanda na kushuka. Mpiga video akanyanyuka aguse deki.

"Acha," shemeji alisema. "Deki ni nzima. Ni kanda imeisha hapo. Hapo ndipo anaporudisha. Anatazama, anarudisha, anatazama, anarudisha. Nilimwambia, mume wangu, utaikwangua imalizike."

Picha ilikuwa imekwisha, lakini sauti ilibaki. Ndani ya chenga wembe ulikuwa ukisikika ukipita, kwaru, kwaru, ukinyamaza, ukipita tena. Kinyozi alikuwa ameinama mbele, macho kwenye runinga kama anayeona kila kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda shavuni, unatetemeka, unatangulia njia. Mpiga video akaacha kutazama runinga, akamtazama yeye. Aliwaza kwamba ukimtoa mwenye uso huo, na shemeji aliyeshika taa, ni yeye tu aliyekiona kipande kile kikiwa kizima siku kilipozaliwa. Na kitu kama kile kilitoka kwa mtu ambaye yeye alimkimbia na povu usoni.

Sauti ya wembe ikaisha. Picha ikarudi, mtu mwingine akapiga kelele ngazini.

"Ndugu yangu," mpiga video alisema. "Siku ile..."

"Ipi?"

"Ile ya nusu ndevu."

Kinyozi alichelewa kujibu. Ulimi wake ulikuwa mzito, na ilibidi mwenzake amsubiri.

"Nilijua utarudi jioni," alisema. "Nilikuwekea maji ya moto. Yakapoa, nikayachemsha tena."

Mpiga video alifungua mdomo. Alikuwa amesafiri na maneno mengi, ameyapanga njia nzima ndani ya basi, na sasa hakuna hata moja lililoonekana linafaa kuwekwa karibu na maji yale. Alisema tu, "Nilikaa mle ndani. Sikuwa na mteja."

"Najua. Ukuta wetu ulikuwa mmoja. Ningesikia."

Shemeji akasimama akazima runinga, akasema chakula kiko tayari.

Jioni, alipokuwa akiaga, kinyozi mwenyewe ndiye aliyesema kanda ichukuliwe ikanakiliwe. Shemeji hakupinga, ila aliifunga kwenye taulo, kisha kwenye mfuko, kisha akamsindikiza mgeni mpaka chini, mbele ya karakana.

"Shemeji," alisema, "ukimpigia simu, usiwe na haraka ya kukata. Akinyamaza ni ulimi, si hasira."

Binti aliinakili filamu kwenye kompyuta za chuo, wakasafisha walichoweza kusafisha. Ilionyeshwa ukumbini kwa wanafunzi wachache. Walicheka pale ukuta ulipotikisika, na wengine walipenda kicheko cha yule mama anayekufa, wakadhani kilikusudiwa. Chenga zilipofika baadhi walitoa simu zao. Binti aliwaeleza kilichokuwa kinatokea hapo, naye baba yake, aliyekaa safu ya nyuma, aliombwa asimame aeleze zaidi. Alisimama. Alieleza habari ya fremu isiyokuwa na kioo na viti pacha, wakaandika. Alipofika kwa mtu mwenyewe, namna alivyopitisha vidole usoni, alikwama, akasema mengine hayaelezeki, akakaa.

Kanda aliirudisha mwenyewe, mkono kwa mkono, kabla mwezi haujaisha. Angalau hilo hakulichelewesha. Safari hiyo kinyozi alikuwa amejilaza kitandani, na walizungumza kidogo sana.

Tangu hapo anampigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Shemeji anamwekea mumewe simu sikioni. Wanaanza na hali, wanafika kwenye mpira, na mpira ukiisha kunakuwa kimya. Mpiga video hakati. Anakaa na simu sikioni, anasikiliza pumzi za rafiki yake zikija na kwenda, wakati mwingine mpaka sikio linapata moto. Shemeji alimwambia ni ulimi. Jumapili nyingine anaamini. Nyingine anahisi kimya kile kinamtazama, na hajui ni kipi kati ya viwili, ulimi au hasira, na hajapata namna ya kuuliza.